Simu inakata chaji mapema? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Namba moja kwangu ni betri mpya na najua wengi mnairuka. Simu ikifika miaka miwili mitatu, betri imeshachajiwa mara kama 500 na hapo kawaida imebaki asilimia 80 hivi, na kama huwa unaiacha juani pale mwaloni Kirumba, Mwanza, ni chini ya hapo, maana joto ndo linaua betri. Halafu mtu anakopa anunue simu mpya wakati fundi wa Makoroboi angembadilishia akaendelea na maisha! Ukibadilisha itumie siku nzima, ikidondoka ghafla kutoka asilimia 40 hadi 12 irudishe. Na kama mgongo wa simu umeanza kuinuka betri imevimba, usiichaji tena, peleka leo leo.

Namba mbili pawabenki ya mAh 10000, hiyo siyo bei, ni kipimo cha chaji inayobeba. Hapa nimelizwa mimi. Niliuziwa moja barabarani imeandikwa 30000, nyepesi kama kipande cha sabuni, nikaifungua kwa bisibisi nikakuta kibetri kimoja na mchanga, mchanga kabisa jamani. Kwa hiyo ipime mkononi, 10000 ya kweli inakaribia robo kilo. Geuza nyuma usome maandishi madogo, utakuta uwezo halisi kama 6000 na hapo hujaibiwa, umeme unapandishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5 na mwingine unapotelea njiani. Simu yenye betri ya mAh 5000 utaijaza mara moja na chenji kidogo.

Tatu msinicheke, kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe. Laini ya kupigia na ya hela inakaa humo, chaji siku kadhaa, simu kubwa unaiwasha ukiwa na shida nayo. Wavuvi wa dagaa walishaliona hilo zamani.

Simu mpya naiweka ya nne, na betri yake isiwe chini ya mAh 5000. Visola vya kukunja mwisho kabisa, wingu likipita tu chaji imekata.

Ila kabla hujatoa hata mia, jaribu hili la bure. Ukiwa katikati ya ziwa mtandao unakuja unapotea, simu inahangaika kutafuta mnara mpaka inachemka mfukoni. Nilipanda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, chaji ikiwa asilimia 70 nikashuka na 31, sijaangalia hata video moja. Safari ya kurudi nikaweka flaiti modi, nikafika Mwanza imeshuka asilimia nne tu.