Koko ya Jang'ombe: njoo na chupa yako, na uwahi

Mie nauza bajia za kunde jioni Mwanakwerekwe, hapa Unguja, huu mwaka wa kumi na moja. Mtu akinambia kuna bajia za kunde nzuri kuliko zangu, siku hiyo silali. Habari kaileta wifi yangu: "Kuna mama Jang'ombe, kakaa Ghana na mumewe, anauza uji wa huko na vibajia vyake. Kale kwanza, ndo uje tuzungumze." Jumamosi, alfajiri nimeshasali, nikapanda gari.

Kibao hana. Baraza, seredani mbili, beseni limefunikwa kawa, na watu wamepanga foleni kila mmoja na chupa yake ya chai mkononi. Na wewe nenda na yako. Anasema huko Ghana uji huu hufungwa kwenye mifuko ya plastiki, mtu akang'ata pembe akanyonya. Hapa kwetu mifuko hiyo marufuku, na vikombe anavyo sita tu.

Uji wenyewe unaitwa koko, uji wa Wahausa (jina lisikutishe, mbwa hayumo). Ni wa uwele, si ulezi, wala si ule wa mtama tunaofuturia. Rangi ya majivu, mwepesi. Unakutana na uchachu kwanza, halafu tangawizi, na ukishameza ndipo karafuu inakuja taratibu kooni. Sukari unatia mwenyewe. Mie nilitia kijiko kimoja. Kijana wa pembeni yangu alitia vinne, akanywa sharubati ya moto.

Nikamuuliza, "Dada, umetia ndimu?"

Akacheka. "Ndimu ya nini, shangazi? Ni siku mbili tu hizo."

Uwele anauroweka usiku kucha, asubuhi anauosha, anausaga mbichimbichi pamoja na tangawizi, karafuu, pilipili manga na pilipili kali kidogo. Hapo ndipo penye kazi, maana mashine za mtaani zinasaga nafaka kavu, ukifika na ndoo inayotiririka maji unafukuzwa. Anasagia blenda, kidogo kidogo. Anachuja kwa kitambaa kama cha kuchujia tui, anaacha siku mbili. Unga unatuama chini kama chokaa, maji yanaelea juu yanachachuka. Asubuhi anayateka yale maji ya juu, anayachemsha mpaka yatokote, anayamimina juu ya lile tope huku mkono mwingine unakoroga. Nimesimama nikamtazama: mara ya kwanza ni maziwa, mwiko ukizunguka mara tano sita, uji umeshika. Hata donge moja sikuliona.

Sasa bajia. Wao wanaziita koose. Kunde zimemenywa ganda lote, kitunguu maji, pilipili, chumvi, basi. Thomu hamna, kotmiri hamna. Nikasema moyoni, hizi zitakuwa na ladha gani? Nikaivunja: ndani nyeupe, ina matundu kama mkate wa kumimina. Siri yake ni kuupiga ule unga kwa mwiko mpaka upumue, ukitupa tone kwenye maji linaelea. Mie huwa napiga kidogo nikichoka naacha. Chatne hakuna, na usiiulize. Uchachu wa uji ndio chatne yake. Nilikula nane. Uji shilingi 1,000 kikombe, bajia 200 moja.

Kasoro ipo. Nilirudi wiki ya pili, joto la kaskazi limepamba moto, uji ulikuwa mchachu hadi meno yakafa ganzi. Mwenyewe alikiri: wakati wa kipupwe siku mbili ndiyo kiasi chake, lakini joto likizidi, siku moja tu umeshapita. Nikamwambia basi siku kama hizo ayamwage maji ya juu, atie mapya. Akasema atajaribu. Mara ya tatu ulikuwa sawasawa, ila sikumuuliza kama ni kwa shauri langu. Benchi nalo lina mguu mmoja mfupi, ukiinuka ghafla jirani yako anamwagikiwa.

Wifi ananiuliza, zangu au zake? Mie sasa naupiga unga wangu dakika kumi nzima, mkono unaniuma.

Ijumaa hafungui. Siku nyengine, saa mbili na nusu asubuhi utakuta anaosha sufuria.