Studio ya Arusha iliyotusafishia picha za Mzee na kututengenezea kitabu (nyota 5, nimeandika kirefu)

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye boksi la picha za mzazi wake chini ya kitanda na kila siku anajiambia mwezi ujao nitazipeleka zikasafishwe. Sisi tulijiambia hivyo miaka na miaka, Mzee akaondoka Novemba 2024 picha ziko vilevile kwenye boksi la mafuta ya kupikia, nyingine zimegandana, nyingine mchwa wameshaanza kula pembeni. Mwaka 2025 tukawa tunaandaa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, tukakubaliana watoto wote saba tutengeneze kitabu cha picha, kava gumu, siyo kale kakijitabu ka msibani kanakoishia kufungia karanga.

Niwaambie kidogo kuhusu Mzee kwanza, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini namsifia huyu fundi hivi. Baba alizaliwa Mbulu, kasoma Mbulu, kaoa Mbulu, kafundisha Mbulu na tumemzika Mbulu nyuma ya nyumba yake. Aliingia ualimu kipindi kile cha UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, 1977, walimu walipokuwa wanatafutwa kila kona, akakaa shule za msingi mpaka anastaafu. Aliwahi kupata nafasi ya kwenda Dar akaikataa, alisema bibi atabaki na nani. Na ualimu wenyewe haukumtosha, alikuwa mjumbe wa nyumba kumi miaka kibao, kamati ya maji yumo, ugomvi wa mipaka ya mashamba ni yeye, mtu akifiwa usiku wa manane wa kwanza kugongewa mlango ni yeye, na mama anaamka anawasha jiko bila hata kuuliza nani kafa.

Ila kabla ya yote hayo baba alikuwa mkimbiaji. Kwetu mbio ni kitu cha damu jamani. Huku ndiko kwao John Stephen Akhwari, yule aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, goti likaharibika, na bado akaingia uwanjani na bandeji mguuni, wa mwisho kabisa, nafasi ya 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Filbert Bayi naye katoka hapo Karatu kwa jirani, 1974 kaenda Christchurch, New Zealand, kavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.16, kaongoza tangu mlio wa bastola mpaka kamba. Baba alikuwa na miaka 22, na alikuwa anatusimulia kwamba habari ile ilipofika huku vijana wa rika lake waliacha kutembea, wakawa wanakimbia kila mahali, hata akitumwa chumvi dukani mtu anakwenda mbio. Yeye alikuwa mtu wa mita 5000. Hakufika timu ya taifa. Alikofika juu kabisa ni mashindano ya mkoa, Arusha, 1976 (enzi hizo sisi ni mkoa wa Arusha, Manyara imekuja 2002), akashika nafasi ya pili, na siku hiyo kuna mtu alimpiga picha.

Hiyo picha ndiyo roho ya kitabu chote. Ndogo kama kiganja, nyeusi na nyeupe, imekunjwa katikati, kona moja imeliwa. Baba yuko kwenye kona ya uwanja, kifua mbele, namba imeshikizwa na pini, miguu peku, vumbi limepanda mpaka kwenye magoti. Na kwenye paji la uso lile kovu lake, alipigwa pembe na ng'ombe akiwa mtoto. Sisi wote tumelishika lile kovu tukiwa wadogo, ukikaa mapajani kwake mkono unakwenda pale wenyewe.

Sasa nilianza vibaya. Nilipeleka sehemu moja, siitaji jina, tena walikuwa na bei nzuri na wanasema kesho tu unachukua. Kweli kesho yake nikaletewa wasap picha imeng'aa kama ya jana, nikaituma kwa mama moja kwa moja bila hata kuiangalia vizuri nilikuwa kwenye daladala. Mama akanipigia. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Nikafungua kuangalia, nikahisi baridi. Walikuwa wameipitisha kwenye programu ya akili mnemba, ikamvalisha baba viatu. Viatu vyeupe kabisa vya kisasa, kwenye picha ya 1976! Kovu limefutwa, meno yamepangwa, pua imechongwa. Kijana mzuri tu, ila siyo baba yangu. Niliporudi kulalamika nikaambiwa lakini dada si imependeza. Nililia njia nzima.

Kuna mwalimu mwenzangu ndiye akanielekeza kwa huyu kaka. Ni chumba kimoja tu ghorofani hapo Arusha mjini, ngazi nyembamba, hakuna hata bango la maana. Anafanya kazi peke yake na mdogo wake wa kike ambaye anapanga kurasa. Kaniomba nisiweke jina wala namba mtandaoni maana kazi zinamzidia na hataki kuanza kulipua, kwa hiyo anayehitaji kweli aniulize mimi nitamuunganisha.

Nilimpa ile picha. Hakuwasha kompyuta. Aliipeleka dirishani, akatoa kioo cha kukuzia, akaiangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu kana kwamba nimeleta kitu kibovu. Halafu akauliza, "Dada, mzee alikimbia peku?" Nikasema ndiyo. "Na hii hapa kwenye paji, ni doa la picha au ni lake?" Nikamwambia ni lake, kovu. Akachukua kalamu akaandika kwenye karatasi: peku, kovu libaki. Akaniambia hatagusa sura ya mtu kama hajamuuliza mwenye mtu wake. Nilishindwa kujibu, nilikaa tu kwenye lile benchi lake machozi yananitoka na yule mdogo wake akaniletea maji.

Na ndivyo alivyofanya kwa picha zote 31. Kila moja aliuliza. Huyu pembeni ni nani, hili shati lina mistari au ni mkunjo, hii tarehe nyuma ni mwandiko wa nani. Maswali mengine ilibidi nimpigie mama, na mama akawa anasimulia vitu ambavyo mimi na miaka yangu 41 sijawahi kuvisikia, mfano jezi ile ya kwenye picha ilikuwa ya kijani na baba aliendelea kuivaa shambani mpaka ikaisha mgongoni.

Zile zilizogandana nilikuwa nimeshazikatia tamaa, nilitaka kuzivuta kwa ukucha akanizuia. Alizilaza kwenye beseni la maji safi akaziacha ziachiane zenyewe taratibu, kisha akazianika juu ya karatasi uso ukiwa juu. Akanionya kwamba hiyo ni kwa zile picha za zamani za kuoshwa studio, hizi za siku hizi za kuprintiwa usithubutu, wino unakimbia wote. Na hata hizo za zamani mpe anayejua. Kwenye skana alizipitisha kwa ukubwa mkubwa, anasema kupiga picha juu ya picha kwa simu unaleta mwanga na kivuli chako mwenyewe. Mwisho nikapewa flashi ina mafolda mawili, picha kama zilivyokuja na madoa yake yote, na zilizosafishwa. Hilo la kuhifadhi zile chafu sikulitegemea kabisa na ndilo lililomfurahisha kaka yangu mkubwa kuliko yote.

Halafu kuna daftari. Baba alifundisha watoto riadha karibu maisha yake yote ya ualimu, anawaandaa kwa UMISHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, tangu ngazi ya shule mpaka wilaya, na alikuwa na saa yake ya kupimia muda aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Muda wote aliandika kwenye daftari la mistari lenye kava la bluu. Jina la mtoto, umbali, dakika, na pembeni maneno mawili matatu. Niliibeba tu pamoja na picha nikidhani labda tutapiga kava lake. Yule dada mpanga kurasa aliifungua akaanza kusoma, akamwita kaka yake, wakasoma wote wawili kimya. Pembeni ya majina baba alikuwa anaandika vitu kama "anakimbia na mabega", "mama yake mgonjwa asichelewe kurudi", na kwenye mtoto mmoja wa mwaka 1984 hakuna muda wowote, kuna mstari tu na neno "hajala". Yaani hakumkimbiza.

Ni wao waliosema hizi kurasa ziingie kitabuni, na zisiandikwe upya kwa kompyuta, ziingie na mwandiko wake na doa la chai. Kurasa sita. Wangeweza kukaa kimya wakaweka picha tu, hela ingekuwa ileile.

Bei sasa maana najua mtauliza. Kusafisha picha ya kawaida elfu 8, iliyochanika au kuliwa elfu 15. Zetu 26 za kawaida na 5 mbovu, ikaja 283,000. Kitabu cha kurasa 48 kava gumu elfu 70 kimoja, tulichukua 9, vya watoto saba, cha mama na kimoja cha shule, 630,000. Jumla 913,000 akatupokea laki tisa kamili. Unatanguliza nusu. Siyo rahisi, najua, tulichanga kwa miezi mitatu kwenye grupu la familia.

Mapungufu yapo na nayasema. Alichelewa siku nne, tukaanza kupata presha misa ikiwa Jumamosi. Vitabu viwili gundi ya mgongo ilikuwa haijashika vizuri, alivirudia bure lakini ilibidi nipande ngazi tena. Maelezo ya picha moja yalikosewa, shangazi kaandikwa bibi, na hilo kosa ni letu nusu maana tulitumiwa tuhakiki tukapitia haraka haraka. Risiti hatoi mpaka umkumbushe.

Siku ya misa vitabu tuliviweka kwenye meza ya kitambaa cheupe kando ya chakula, nikadhani watu watapitia juu juu. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania, na kila mzee aliyekuja alikuwa anasema huyu mwalimu angeiona ile angekimbia mpaka kanisani. Wazee waliosoma naye walikuwa wanaweka kidole kwenye ile picha ya peku wanasema huyuhuyu, huyuhuyu. Mama hakusema kitu, aliweka tu dole gumba juu ya kovu.

Jioni watu wameanza kupungua akabaki baba mmoja wa makamo, simjui, kavaa koti la sare ya kazi, amesimama na kitabu cha shule amekifungua kwenye kurasa za daftari. Nilimfuata nikamuuliza kama anatafuta jina lake. Akanionyesha ule mstari wa 1984. Akasema siku ile mwalimu alimpeleka nyumbani kwetu, mama akampa uji na maziwa mgando, na alikuwa hajui mpaka leo kwamba iliandikwa.