Kisanduku cha kufuli ya namba kwa peremende za bangi: tathmini baada ya miezi minne

Kaka yangu anatumia peremende zenye bangi kwa maelekezo ya daktari wake, mahali ambapo sheria inaruhusu, ili kupunguza kichefuchefu kinachotokana na tiba ya saratani. Tangu ahamie kwetu, peremende hizo zinalala nyumba moja na binti yangu mwenye umri wa miezi 50, na kwa sababu hiyo nilinunua kisanduku hiki cha chuma chenye kufuli ya vigurudumu vitatu vya namba.

Mwanzoni niliamini kwamba mfuko wenyewe unatosha, kwa kuwa hauwezi kufunguka mpaka ubinye sehemu mbili kwa pamoja huku ukivuta. Imani hiyo ilipungua nilipoelewa jinsi vifungashio vya aina hiyo vinavyopimwa. Nchini Marekani, ambako kuna sheria ya mwaka 1970 kuhusu vifungashio vya kuzuia sumu, watoto wa miezi 42 hadi 51 hupewa kifungashio kwa dakika 10, na kinahesabiwa kuwa kimefaulu iwapo asilimia 80 kati yao watashindwa kukifungua hata baada ya kuonyeshwa namna ya kufanya. Anayebaki katika ile asilimia 20 ni mtoto wa umri ule ule wa binti yangu. Mfuko unamchelewesha mtoto; haumzuii.

Kisanduku chenyewe ni kizito, bawaba zake ziko ndani ambako bisibisi haifiki, na nyuma kina matundu mawili ya kukifungia ukutani. Mpira unaozunguka mfuniko unapunguza harufu, ingawa hauimalizi. Mfuko wa peremende na chupa ya mafuta ya bangi vinaenea vizuri, lakini keki au biskuti zilizookwa kwa bangi hazitapata nafasi, na hizo ndizo zinazosahaulika mezani kwa urahisi zaidi.

Kasoro yake kubwa iko kwenye kufuli. Ukifunga mfuniko, komeo linalia “ta” na unaridhika kwamba kimefungwa, kumbe kama hukuzungusha vigurudumu namba ya kufungulia bado imekaa pale pale na kitufe kikibonyezwa kinafunguka. Siku ya pili kaka alifunga hivyo, akiwa amechoka. Nilimkuta binti yangu amepiga magoti mbele ya kisanduku kilicho wazi, ameshika peremende moja nyekundu yenye chembe za sukari, anainusa. Hakuwa amekula. Nilizihesabu mara tatu kabla ya kuamini.

Nilitetemeka kwa sababu nilijua kingefuata nini. Mtu mzima anakula kipande kimoja kama dozi, ilhali mtoto anaona peremende na kumaliza alichokipata. Dalili za bangi iliyoliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kujitokeza, hivyo mzazi anaweza kumwona mtoto akicheza na kudhani kwamba hatari imepita. Kisha unakuja usingizi usio wa kawaida, kuyumba anapotembea, kutapika, na kwa walioathirika zaidi pumzi hupungua hadi mtoto kupoteza fahamu. Taarifa za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula vyakula vyenye bangi, zilizofika katika vituo vya sumu nchini Marekani (vinavyotoa ushauri kwa simu mtu akila kitu chenye sumu), zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021, na karibu wote walivikuta nyumbani. Hakuna dawa ya kutengua sumu hiyo. Hospitali humsaidia mtoto kupumua na kumwangalia mpaka iishe mwilini.

Kijitabu kinachokuja na kisanduku kinaeleza kwa kurasa nne namna ya kubadilisha namba, lakini hakina mstari hata mmoja kuhusu la kufanya mtoto akishakula, nami naona huo ni upungufu katika bidhaa inayouzwa kwa familia. Nimebandika karatasi ndani ya mfuniko: usimtapishe, piga simu kituo cha sumu au huduma ya dharura hata kama haonyeshi dalili, nenda na mfuko ili kiasi cha THC (kemikali ya bangi inayolevya) kijulikane, mwambie daktari ukweli. Hilo la mwisho nimelipigia mstari. Mzazi anayeficha kwa aibu au kwa kuogopa sheria humwingiza mtoto katika vipimo ambavyo huenda hakuvihitaji, kama picha za ubongo na kutolewa maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa daktari anatafuta chanzo cha usingizi ule.

Nakipendekeza kisanduku hiki kwa nyumba yenye mtoto mdogo, kwa sharti kwamba kila anayekifungua azungushe vigurudumu vyote vitatu na kujaribu kukifungua tena kabla ya kuondoka. Mtengenezaji angeweka springi ya kuvuruga namba pindi mfuniko unaposhuka, sharti hilo lisingehitajika. Chetu sasa kimefungwa ukutani juu ya kabati, na mfuko unaingia humo ukiwa umebanwa.