Ngurumo ya tairi la mbele kwenye Honda CG125: uzoefu wangu na beringi za 2RS

Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya zamani, breki za dramu mbele na nyuma, na inapiga kazi kila siku Tabata hadi mjini. Mlio ulianza kwa mbali, ngurumo nzito inayopanda kadiri spidi inavyopanda. Nikikamata klachi injini inatulia, ngurumo inabaki palepale. Maana yake injini haihusiki.

Fundi wa kwanza aliisikiliza kidogo tu, akasema tairi limekwisha, ninunue jipya. Tairi lenyewe halikuwa kipara hata kidogo, kwa hiyo nikaondoka zangu.

Wa pili, Buguruni, ndiye ninayempa nyota zote tano. Alisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaweka gogo chini ya injini mpaka tairi la mbele likawa hewani. Akalegeza breki kwanza, maana breki inayogusa dramu hukwaruza na kuachia, hukwaruza na kuachia. Mlio haukuondoka. Akachomoa kebo ya spidi, akazungusha tena. Bado upo. "Bosi, weka vidole hapa," akaniambia, akanishikisha mguu wa foki, ule uma unaoshika tairi la mbele, karibu na ekseli, chuma kinachopita katikati ya tairi. Nikahisi mtetemo wa kukwaruza ukipanda vidoleni, kama mchanga unasagwa mle ndani. Kisha akashika tairi juu na chini akalitikisa kwa ubavu, likacheza: dalili ya beringi kuchoka, zile ringi mbili zenye goroli katikati zinazolifanya tairi lizunguke kwenye ekseli. Alipovuta foki mbele na nyuma, shingo ilikuwa imetulia, kwa hiyo goroli za usukani hazikuwa na tatizo. Hakufungua tairi kabla hajajua anachokitafuta. Huo ndio ufundi ninaoulipia kwa moyo mweupe.

Beringi zilipotoka, grisi ilikuwa imechanganyika na kutu na njia ya goroli imechimbika. Sishangai. Masika ya Dar tunapita kwenye maji yanayofika hadi kwenye habu, kitovu cha tairi beringi zinamokaa, halafu tunapeleka pikipiki kuoshwa kwa mashine ya presha inayolenga moja kwa moja kwenye ekseli. Sili, ule mpira unaozuia maji na vumbi, ikishachoka, maji yanaingia.

Nilibeba beringi kuukuu hadi Kariakoo. Namba imeandikwa pembeni: 6301, yaani tundu mm 12, kipenyo cha nje mm 37, unene mm 12. Kuna zilizo wazi, kuna ZZ zenye vifuniko vya bati, na kuna 2RS zenye sili ya mpira pande zote mbili. Chukua 2RS. Bei iko juu kidogo, lakini kwa barabara zetu za maji na vumbi mimi sioni sababu ya kununua nyingine. Grisi imo tayari ndani.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanaziua zikiwa mpya. Fundi huyu aligonga kwa kutumia beringi kuukuu juu ya mpya, nguvu ikaenda kwenye ringi ya nje. Ukigonga ringi ya ndani, goroli zinachimba njia yake na mlio unarudi mapema. Alipomaliza upande mmoja alirudisha bushi ya katikati, kile kibomba kinachotenganisha beringi mbili, kabla ya kufunga wa pili. Bila bushi hiyo, ukikaza nati ya ekseli unazibana ringi za ndani na beringi inakufa. Mwisho akahakikisha sahani ya breki, ile inayobeba viatu vya breki ndani ya dramu, imekaa kwenye kishikio chake cha foki. Hilo lisimamie mwenyewe kwa macho yako: sahani isiposhikwa, ukibana breki inaweza kuzunguka na tairi.

Ngurumo imeisha kabisa, na mvua kubwa zimeshapita juu yake. Ninachomlaumu ni kwamba yuko peke yake na hauzi vipuri. Ukichelewa unakuta foleni, na ukisahau sili ya vumbi unarudi Kariakoo huku tairi limelala chini. Nenda asubuhi, na sili uinunue pamoja na beringi.