Kikuza-ishara cha neva za wadudu: kizuri darasani, hakitoshi maabara

Kifaa hiki cha betri, kinachokuza umeme wa neva na kuutoa kwenye spika, kinamfaa anayeanza kuchunguza mfumo wa neva wa wadudu. Pini mbili huchomekwa kwenye mguu wa mende, uliokatwa baada ya mdudu kulegezwa kwa maji ya barafu. Ukigusa mwiba mmoja wa mguu huo kwa kijiti, mlio wa tatata husikika papo hapo, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Waya zake, kwa kweli, ni fupi mno, na umeme wa taa huingiza mvumo. Anayetafiti vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayopitisha ishara kati ya seli za neva), vinavyolengwa na viuatilifu vya neonikotinoidi, hakitamtosha, kwa kuwa kazi hiyo hudai elektrodi za kioo zinazopima seli mojamoja.