Wiki 12 za maandalizi ya umisionari: tathmini yangu baada ya miaka 3 ugenini

Siku ya mahafali ningesema kozi hii ilikuwa baraka tupu, maana sote tulisema hivyo. Nimengoja mpaka likizo yangu ya kwanza kutoka ugenini ili niipime kwa yale yaliyotupata huko.

Wiki 3 za lugha ndizo zilizonifaa kuliko zote. Hatukufundishwa lugha ya kule tuendako. Tulifundishwa namna ya kujifunza lugha yoyote. Aliletwa mama mmoja ambaye lugha yake hakuna aliyeijua darasani, na siku za mwanzo tulikatazwa kuandika, hata kutamka. Yeye anataja, sisi tunagusa: kikombe, jiwe, kamba. Baadaye vitendo: simama, kaa, mpe mwenzako jiwe. Nilikuwa nimehubiri miaka 11, na sasa nakaa mbele ya mama yule bila neno, nikitegemea subira yake. Yule mama alinifundisha unyenyekevu kuliko somo lolote la theolojia. Nilipofika ugenini nilitafuta jirani, nikafanya naye vivyo hivyo kila asubuhi, na baada ya miezi 8 nilikuwa naweza kukaa msibani nikaelewa watu wanalia nini.

Mwalimu wa lugha alitusomea Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Listra, kiwete ameponywa, umati unapaza sauti kwa lugha ya Likaonia kwamba miungu imeshuka. Mitume hawaielewi lugha hiyo, basi hawashtuki mpaka kuhani wa mungu Zeu analeta ng'ombe wa sadaka. Ndipo wanararua mavazi yao. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara nyingi bila kuona jambo la lugha ndani yake.

Kuna pia mchezo wa karata uitwao Barnga. Kila meza ina kanuni zake, ila wachezaji hawajui kwamba zinatofautiana, na kusema ni marufuku. Ukihamia meza nyingine unashinda kwa haki, mwenzako anakunyang'anya. Hasira niliyoisikia siku ile niliikumbuka sana baadaye, katika kikao cha wazee wa kanisa ugenini.

Somo la mshtuko wa utamaduni, yaani msukosuko unaompata mtu akihamia kwenye desturi ngeni, lilipewa mchana mmoja tu. Halitoshi, ingawa lilikuwa zuri. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizieleza hatua zake mwaka 1954: kwanza fungate, kisha uchungu, halafu ahueni, mwisho kuzoea. Alisema katika hatua ya pili wageni hukusanyika na kuwasema wenyeji. Mwezi wangu wa 5 ugenini nilijikuta kwenye kikao cha namna hiyo, nikaomba udhuru, nikaondoka. Bila mchana ule nisingetambua.

Sasa lile linaloniuma. Kozi ilimwandaa mhubiri, wakati iliyotumwa ni familia. Hakukuwa na mlezi wa watoto, kwa hiyo mke wangu alihudhuria vipindi vichache vya asubuhi. Wiki za lugha zote zilimpita. Tulipofika, mimi nilikuwa na mbinu, yeye hana. Lakini ni yeye aliyepaswa kununua chakula, kumpeleka mtoto kliniki, kuelewana na majirani. Mwaka wa kwanza alikaa ndani muda mwingi. Nilichelewa kuelewa kwa nini, na hilo nimemwomba msamaha.

Darasa la historia lilitusimulia habari za William Carey, mmisionari Mwingereza aliyefika India 1793, na tafsiri zake za Biblia. Mkewe Dorothy hakutajwa. Mwanzoni alikuwa amekataa kwenda, akakubali dakika za mwisho. Mwaka 1794 mtoto wao Peter akafariki, akili ya mama ikavurugika, na hakupona hadi alipokufa mwaka 1807. Hayo niliyasoma mwenyewe, usiku, nikiwa tayari ugenini. Yalistahili siku nzima darasani, pamoja na namna ya kuomba msaada kabla mambo hayajaharibika. Badala yake tulitumia wiki 2 kujifunza kuandika barua za kuomba ufadhili.

Je, ningewaambia wengine waende? Naam, kwa ajili ya zile wiki za lugha peke yake. Ila mume na mke nendeni wote, na kabla ya kujaza fomu ulizeni nani atakaa na watoto saa za darasa. Mkikosa jibu, subirini muhula mwingine.