Fremu ya kutembelea ya alumini: inakofaa na inakokwama kwenye nyumba za Moshi

Fremu ya miguu minne, ile ambayo wengi dukani wanaiita "woka", ina sura mbili: ya miguu mitupu, na yenye magurudumu mawili mbele. Zote zinakunjwa, zina uzito wa kilo 2 hadi 3, na nyingi zimeandikwa kubeba mtu wa kilo 100 au zaidi. Kwa mzee ambaye magoti yamegoma au anayetoka kuunganishwa nyonga, na mkongojo haumtoshi tena, ni kifaa kizuri. Aliyepooza mkono mmoja asinunuliwe: fremu inataka mikono miwili yenye nguvu, na yeye atafaidi zaidi mkongojo wenye miguu minne midogo chini.

Shida ni kwamba inanunuliwa kama ndoo. Mtoto wa mzee anapita dukani, anachukua iliyo mbele, anaifunga kwenye bodaboda. Mzee mwenyewe hajaigusa.

Kimo ndicho cha kwanza. Mzee asimame wima akiwa na viatu anavyovaa nyumbani, mikono ining'inie. Mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Akishika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Fremu ikiwa juu mno, mabega yanapanda na mikono inakosa nguvu ya kukandamiza. Ikiwa chini mno anainama, mgongo unauma, na uzito wote unatangulia mbele. Matundu ya kurekebishia yako umbali wa karibu sentimita 2.5, kwa hiyo kukosea tundu moja kunatosha kuonekana. Miguu yote minne iwe tundu moja, hata kama baraza imeinama. Kurefusha miguu ya upande mmoja ili "ilingane na sakafu" ni kumtengenezea mzee mtego, maana sebuleni sakafu haijainama.

Bibi mwenye urefu wa sentimita 148 anahitaji mshikio wa karibu sentimita 72 hadi 75. Fremu nyingi za saizi ya kawaida, ukiziteremsha mpaka mwisho, zinagota karibu na 80. Ulizia saizi ndogo. Fundi anaweza kukata bomba la ndani chini kwa msumeno wa chuma na kulainisha kwa tupa, lakini tazama kwanza: kama bomba la nje tayari linakaribia kugusa mpira, hakuna pa kukata. Na mguu uliobaki mfupi baada ya nyonga kuvunjika huenda ukahitaji soli ya kiatu kuongezwa kabla ya kupima chochote. Hiyo ni kazi ya mafundi wa viungo bandia na viatu vya tiba, fani inayofundishwa TATCOT, chuo kilicho pale pale hospitali ya KCMC, tangu 1981.

Sasa mipira ya chini, ambayo ndiyo inayotenganisha fremu nzuri na mbaya. Vua mmoja dukani na uchungulie ndani. Ukiona kisahani cha chuma, vizuri. Bila hicho, ncha ya bomba inautoboa mpira polepole mpaka alumini inagusa sakafu, na alumini juu ya vigae vilivyopigwa deki inateleza kama sabuni. Chini ya mpira kuna mistari ya duara. Ikishafutika, badilisha yote minne kwa pamoja, usibadilishe mmoja. Wakati wa masika udongo mwekundu unajaa kwenye mistari hiyo na mpira mpya unateleza kama uliochakaa, kwa hiyo mzee akitoka nje, mipira ipigwe brashi kabla hajarudi ndani. Kipande cha tairi kilichofungwa kwa waya hakifai. Katambuga ni za miguu ya watu.

Magurudumu au miguu mitupu? Tazama nyumba. Gurudumu la kawaida lina kipenyo cha sentimita 12 au 13, na kizingiti cha sentimita 3 kinatosha kulisimamisha ghafla huku mzee akiendelea mbele. Kwenye sakafu laini ya nyumba ya mjini yenye vizingiti vifupi, magurudumu yanamwondolea mzee kazi ya kuinua fremu kila hatua. Kibosho, Marangu, Old Moshi, kokote ambako njia ya kwenda chooni inapita mgombani kwenye mteremko, chukua miguu mitupu. Magurudumu kwenye mteremko yanamtangulia mwenye nayo. Baadhi ya fremu zinauzwa na miguu ya akiba ya kubadilisha mbele. Kama zipo, nunua hizo na umalize mjadala.

Kabla ya kulipa, ikunje na kuikunjua mara kadhaa. Usikie "tak" pande zote mbili. Shika mishikio uitikise: riveti zikicheza ikiwa mpya, rudisha. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa apewe yenye kitufe kipana cha kubonyeza kwa kiganja.

Pima pia mlango wa choo. Fungua mlango, kisha pima nafasi iliyobaki, kutoka kwenye ubao wa mlango hadi fremu ya ukutani. Fremu za kutembelea kwa chini zina upana wa sentimita 60 au zaidi, na milango mingi ya choo haiachi hivyo. Mara nyingi kuugeuza mlango ufunguke nje, au kuutoa na kuweka pazia, kunatosha.

Namna ya kutembea: fremu mbele hatua moja, miguu yote minne itue, mguu dhaifu, kisha mzima. Asiukaribie mno mti wa mbele, yaani bomba lililolala mbele ya fremu, ataanguka nyuma. Kuinuka kitini anasukuma mikono ya kiti. Akivuta fremu inamwangukia. Ngazi za baraza si mahali pa fremu: kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa zege wenye urefu wa sentimita 180, uliochorwa mistari kwa ufagio kabla haujakauka. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, maana pindo hukanyagwa na mguu wa fremu. Kandambili ziachwe. Mfuko usining'inizwe upande mmoja. Shona kimfuko cha kitenge katikati ya mti wa mbele, cha simu, miwani na dawa, jagi la maji lisiingie humo.

Ukinunua, omba mipira minne ya akiba hapo hapo. Ukiikosa, beba mmoja wa zamani unapoitafuta: vipenyo vya bomba vinatofautiana, na mpira uliopwaya utabaki kwenye tope njiani.